Jinsi ya Kumtumia Mchawi

Kamene alikuwa na miaka kumi na saba Jumapili ile baba yake aliposimama mbele ya kanisa akasoma daftari lake kwa sauti.

Lilikuwa daftari la hesabu, la mirabamiraba, na juu ya jalada Kamene alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Jinsi ya Kumtumia Mchawi. Ndani mlikuwa na kurasa ishirini na mbili za mambo aliyoyagundua likizo nzima, akicheza gemu kwenye kompyuta kuukuu ambayo baba mwenyewe aliileta nyumbani siku kiwanda cha vitambaa, alikokuwa msimamizi wa zamu, kilipokuwa kikitupa kompyuta zake za zamani. Katika gemu hiyo shujaa alitembea na wenzake, na mmoja wao alikuwa mzee wa joho la buluu aliyerusha moto na barafu kwa fimbo. Kwa Kiingereza jina la kazi ya yule mzee halikumtisha mtu. Lakini Kamene alikuwa bingwa wa insha, akaandika kwa Kiswahili, na Kiswahili kilimpa neno moja tu.

"'Mchawi asitangulie,'" baba alisoma, miwani ikiwa puani, kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya harusi. "'Wengine watangulie, yeye abaki nyuma ya mlango. Kwanza awalaze maadui usingizi, halafu ndipo awachome.'"

Mtu mmoja huko nyuma alisema, "Damu ya Yesu!" Kina mama wa mstari wa mbele walishika vifua.

"'Mchawi asivishwe chuma. Akivaa chuma, nguvu zake hukatika.'"

"Ni gemu," Kamene alisema. "Pasta, ni gemu tu. Ni kama katuni."

"Na huo ndio mlango anaoutumia Shetani," pasta akajibu kwa upole, akamwekea mkono kichwani akamsukuma chini mpaka magoti yakagusa saruji. Walimwombea kwa muda mrefu. Mama yake, Ndila, alikuwa amekaa upande wa wanawake akiangalia viatu vyake, na hakuinua uso hadi ibada ilipokwisha. Mchana ule daftari na CD ya gemu vilichomwa nyuma ya kanisa. Plastiki ilitoa moshi mweusi uliowakohoza watu wote.

Shuleni waliporudi muhula wa tatu, habari ilikuwa imefika kabla yake. Wasichana wawili waliomba kuhamishwa kutoka bweni lao. Jackie, jirani yao mtaani Ngoingwa, Thika, waliyekuwa wakicheza naye kwa zamu, alikatazwa kuvuka barabara. Na hata miaka kumi baadaye, Kamene alipokuwa ameshapata mchumba, kijana mpole wa Matuu anayeitwa Muthama, mama ya kijana alituma watu Thika kuuliza nyumba hii ni ya watu wa aina gani. Muthama alipiga simu siku ya Jumanne. "Mama ameambiwa vitu," alisema. "Mimi siamini, lakini unajua wazazi." Uchumba ukaishia hapo.

Kamene hakulia mbele ya mtu. Alihamia Ruiru, akapanga nyumba ya chumba kimoja na sebule kwenye orofa ya tatu, akapata kazi ya mtandaoni ya kuandika maneno ya rekodi za watu wa ng'ambo: mikutano, mahojiano, madaktari wakizungumza na wagonjwa. Alivaa vidude vya masikioni kutwa, akasikiliza sauti za watu ambao hawakumjua. Jioni alicheza gemu. Hakuwa ameacha kamwe. Mama alipofariki alikwenda mazishini, akakaa siku tatu, akarudi.

Halafu, mwezi wa pili mwaka huu, baba alianguka bafuni.

Ilikuwa stroke, kiharusi. Ilimshika upande wa kushoto: mguu ukawa mzito, mkono ukalala mapajani kama kitu alichobebeshwa. Mdomo uliachwa mzima, akili pia. Mwangangi, kaka yake Kamene aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Juja, alimpigia.

"Mimi nina bibi na watoto na duka," alisema. "Wewe kazi yako ni laptop. Unaweza kuifanyia popote, ama?"

"Naweza."

"Basi si uende kidogo? Mpaka asimame."

Alikwenda. Alipakia laptop, nguo, na mashine yake ya gemu, kwa sababu hakujua angekaa siku ngapi na alijijua kuwa bila gemu hangezimaliza.

Mzee Simeon Kaleli alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mtu mrefu, safi, aliyezoea kusikilizwa. Sasa alikaa kwenye kiti cha sebuleni tangu asubuhi, blanketi magotini, akitazama lango. Kijana wa mazoezi ya viungo, Byron, alikuja Jumatatu na Alhamisi. Alileta mpira wa raba laini.

"Mzee, ufinye huu na mkono wa kushoto. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni."

Byron alipotoka, mzee aliutupa mpira nyuma ya kochi. "Mimi si mtoto wa nursery," alisema. Kamene aliuokota. Aliuokota kila siku kwa wiki mbili. Vidole havikusogea, na Byron alianza kusema kwa sauti ya chini kwenye veranda kwamba vikizoea kulala, vitalala moja kwa moja.

Kamene alikuwa ameunganisha mashine yake kwenye televisheni ya sebuleni, kwa kuwa nyumba haikuwa na nyingine, na alicheza saa za mchana baba anaposinzia. Siku moja aligeuka akamkuta macho wazi.

"Huyo mzee wa joho ni nani?" baba aliuliza.

Gemu ilikuwa nyingine, mpya, lakini ilikuwa na mtu wa aina ileile: ndevu, fimbo, joho la kijivu. Kamene alikuwa na miaka thelathini na sita, na bado alipunguza sauti ya televisheni kabla ya kujibu.

"Ni rafiki wa shujaa," alisema.

"Kazi yake?"

"Anasaidia."

"Anasaidia vibaya. Naona kila mara anakufa."

Na ilikuwa kweli. Kamene alikuwa akicheza ovyo siku hiyo, akimwacha yule mzee ajiamulie mwenyewe, naye alikimbilia mbele kama jogoo, akamaliza nguvu zake zote kwa mbwa mwitu mmoja, akapigwa rungu la kwanza akalala.

"Huyo ni mtu wa ujuzi," baba akasema. "Mtu wa ujuzi humpi koleo umwambie achimbe mtaro. Kiwandani fundi wa mashine alikuwa anakaa nyuma. Tunamwita tukimhitaji. Huyu anaweza kuitwa?"

"Anaweza. Unashika kitufe hiki cha juu, cha kushoto. Vita vinasimama, unamwambia afanye nini, unaachilia."

Walitazamana. Kisha baba alinyoosha mkono wa kulia, akachukua pad, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaiweka mapajani. Akaushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia akaupandisha juu yake, akavipanga vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vikombe kabatini, kile cha shahada juu ya kitufe.

Kidole hakikusogea. Jasho lilimtoka. Kamene alikuwa karibu kumnyang'anya pad, ili amwondolee aibu, ndipo vita vilipogandishwa kwenye kioo: mbwa mwitu hewani, mzee wa joho na fimbo juu.

"Eeeh!" baba alisema, akimwita msichana kwa Kikamba. "Mwiitu, umeona?"

"Nimeona, Baba."

"Huyu wa joho tutamwita Mwalimu," alisema. "Haya. Mwalimu afanye nini?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na Kamene hakuweza kusema baadaye kwamba haikuwa miezi mizuri. Asubuhi alifanya kazi yake ya rekodi. Baada ya chakula cha mchana, baba alikuwa tayari amekaa wima, blanketi limekunjwa, akisema, "Leo tunaingia lile pango." Kamene alishika mambo ya shujaa na upanga kwa pad yake, baba alimshika Mwalimu kwa pad ya pili, ile ya zamani yenye waya mrefu. Kitufe cha kushoto kilikuwa chake peke yake. Siku za mwanzo alihitaji dakika nzima kukibonyeza. Kamene alingoja. Mazimwi yalingoja pia.

Alimfundisha kila alichokijua. Kwamba Mwalimu akiachwa na akili yake mwenyewe hurusha moto mkubwa kwa adui mdogo, kisha likija jitu hana kitu; kwa hiyo mzime hiyo akili, umwambie wewe. Kwamba moto hauchagui, utamchoma na mwenzake aliye mbele. Kwamba barafu ndiyo ya kwanza, iwagandishe miguu, halafu moto wakiwa wamesongamana mlangoni. Kwamba vazi la chuma ulilookota halimfai hata likiwa la thamani gani, mwachie joho. Na kwamba kabla ya kuingia mahali pabaya, unapumzika. Unakaa, unamwacha arudishe nguvu, hata kama una haraka.

Baba alishika haraka kuliko alivyotarajia. Miaka thelathini ya kusimamia zamu ilikuwa imemfundisha nani wa kumweka wapi. Mwezi wa nne alikuwa akimkosoa.

"Unakimbia sana na huo upanga. Rudi. Simama kwa mlango. Mlango ni mwembamba, watakuja mmoja mmoja. Mwalimu yuko nyuma yako, tulia."

"Baba, ni wengi."

"Wacha wawe wengi. Sasa. Barafu!" Kidole kikabonyeza. "Sasa moto!"

Mazimwi yote tisa yakaanguka kizingitini, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Kamene alicheka pia. Alimpigapiga mgongoni, na alipoushika mgongo ule mwembamba chini ya sweta, aligundua kwamba hakuwa amemgusa baba yake hivyo tangu alipokuwa msichana.

Byron alipima vidole akasema ni ajabu. Mwezi wa tano baba alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa sita alifunga vifungo vya shati peke yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja Kamene alilokuwa akilingoja, na alilingoja kila siku. Kila mara Mwalimu alipoinua fimbo, aliibia kumtazama baba. Alifikiri: sasa atakumbuka. Sasa atasema. Hakuhitaji mengi. Hata angesema tu, "Lile daftari lako lilikuwa na haya yote?" Angetosheka. Baba hakusema. Alisema habari za mvua, za bei ya unga, za Mwalimu. Kamene alijiambia kuwa mzee amesahau, na kwamba mtu aliyesahau huwezi kumdai kitu.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, alikuwa jikoni akichemsha chai aliposikia lango. Kupitia dirishani aliwaona Mzee Makau, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na Mama Nzisa wa ushirika wa wanawake, wamebeba mkate na sukari. Mama Nzisa ndiye aliyekuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta miaka ile, kabla hajahamia karibu na kanisa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi ili hewa ipite, nao waliingia wakipiga hodi wakiwa tayari ndani.

Baada ya hodi hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa ya gemu. Moto ulikuwa ukinguruma kwenye televisheni.

"Kaleli," Mzee Makau alisema mwishowe. "Ni nini hii?"

Kamene alisimama na sufuria mkononi. Alimsikia baba akikohoa kidogo, kama alivyokohoa kabla ya kusoma matangazo.

"Ni ya Kamene," baba alisema. "Mimi nitafanya nini? Niko kwa kiti. Anaweka, natazama."

"Bado?" Mama Nzisa aliuliza. "Tangu wakati ule, bado hajaacha?"

"Bado," baba akajibu, akapumua kwa uchungu. "Ni msalaba wangu huo."

Kamene aliiweka sufuria chini. Alipanga vikombe kwenye trei, akamimina chai, akaibeba hadi sebuleni, kwa sababu mikono yake ilijua kufanya hivyo hata yeye asipojua. Baba alikuwa amevuta blanketi mpaka kifuani. Mikono yote miwili ilikuwa chini yake. Waya mweusi wa pad ulitoka chini ya pindo la blanketi, ukapita juu ya kapeti, ukapita kati ya viatu vya Mzee Makau, ukaingia kwenye mashine.

Kwenye kioo Mwalimu alikuwa amesimama na fimbo juu, vita vimegandishwa. Kitufe cha kushoto kilikuwa bado kimebanwa.

Kamene alimtazama baba. Baba alitazama lango. Kisha Kamene akamwona Mzee Makau akiinamisha macho. Makau aliuona waya. Aliufuata polepole kutoka kwenye mashine hadi kwenye blanketi, akafika pale, akakaa kidogo, halafu akainua kichwa na kuangalia kalenda ya ukutani. Mama Nzisa naye alikuwa ameuona. Alisogeza mguu asiukanyage.

"Tuombe," Mzee Makau alisema. "Kamene, mama, njoo hapa katikati."

"Pad iko mikononi mwa Baba," Kamene alisema. "Chini ya blanketi."

Akanyoosha kidole.

"Mzee Makau, waya huo hapo. Umeuona."

"Mtoto habishani na mzazi wake mgonjwa," Mama Nzisa alisema. "Piga magoti tu, mama. Ni kwa uzuri wako."

Hakupiga magoti. Alirudi jikoni akasimama akishika ukingo wa sinki. Walimwombea hivyohivyo, ukuta ukiwa kati yao, wakilitaja jina lake lote, ili Mungu asije akamchanganya na mwingine. Aliisikia sauti ya baba ikisema "Amina" juu ya zote. Walikunywa chai, wakala mkate waliouleta, wakaenda.

Alipotoka kuchukua trei, baba alikuwa amekwisha kuitoa pad na kuiweka mapajani.

"Walikaa sana," alisema. "Haya, tuendelee."

"Kwa nini umesema vile?"

"Vipi?"

"Kwamba ni mimi."

"Sasa ulitaka niseme nini? Mimi ni mzee wa kanisa. Wewe hukai hapa, huendi kanisa hilo. Wewe hupotezi kitu."

Kamene alikaa kwenye kochi. "Unakumbuka lile daftari?" aliuliza.

"Nakumbuka."

Alilisema kwa wepesi sana, kama mtu aliyeulizwa kama anakumbuka kufunga lango.

"Nilidhani umesahau."

"Nitasahauje? Nililisoma lote, jalada hadi jalada, Alhamisi na Ijumaa. Lilikuwa zuri. Ulikuwa na akili ya mpango." Akacheka kidogo kwa pua. "'Mchawi asivishwe chuma.' Mchawi wa kweli anajali chuma?"

"Ulijua ni gemu."

"Kamene, ile kompyuta niliileta mimi. Nilikuona ukicheza. Mimi si mjinga."

Nje bodaboda ilipita, ikapiga honi, ikapotea.

"Basi kwa nini?"

Baba aliipindua pad mikononi. Kwa mkono wa kushoto, Kamene aliona. Alikuwa akiipindua kwa mkono wa kushoto.

"Uchaguzi wa wazee ulikuwa umebaki wiki mbili," alisema. "Huyu huyu Nzisa alikuona kwa dirisha, akaona mambo ya moto na mifupa, akaanza kusema. Imeandikwa, mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake, atalisimamiaje kanisa? Ningesimama niseme ni mchezo, nani angenisikia? Lakini nilipoleta mimi mwenyewe, nikasoma mimi mwenyewe, waliniheshimu. Walisema, huyu hafichi hata mtoto wake. Makau mwenyewe aliniambia."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto hupigwa, husahau."

"Mimi sikusahau. Wasichana waliogopa kulala karibu na mimi. Muthama aliniacha."

"Muthama alikuwa dhaifu. Angekuacha kwa jambo lingine."

"Mama alijua?"

Baba aliacha kuipindua pad. "Mama yako aliniomba nisifanye," alisema. "Nilimwambia anyamaze."

Kamene aliona tena viatu vya mama yake, vyeusi, vya kufungwa kwa kamba, na kwa mara ya kwanza hakumkasirikia. Alimwonea huruma kali, nayo haikuwa na mahali pa kwenda, maana mama alikuwa kaburini miaka mitano.

"Sema pole, Baba," alisema. "Sema tu pole. Hakuna mtu hapa."

Mzee Kaleli alimtazama binti yake kwa uso wa mtu anayeulizwa jambo lisilo na faida. "Mimi ni baba yako," alisema. "Nikikuomba msamaha, nitakuwa nani?"

Asubuhi iliyofuata alimpigia Mwangangi. Alimweleza yote. Mwangangi akasema, "Lakini si hayo ni ya kitambo, Kamene? Na wewe una miaka karibu arobaini."

"Tafuta mtu wa kukaa naye. Jumamosi natoka."

"Kwa sababu ya gemu?"

"Jumamosi natoka," alisema tena.

Mtu alipatikana: mwanamke wa makamo aliyeitwa Nelima, mtaratibu, aliyewahi kumuuguza mama yake mwenyewe. Kamene alimwonyesha dawa, chakula kisicho na chumvi, mahali pa mpira. Alimwonyesha pia jinsi ya kuwasha mashine. Alikuwa amelala usiku tatu akijiambia ataing'oa nyaya aipakie, na kila alipofika hapo alikumbuka kile kidole kikibonyeza mara ya kwanza. Aliiacha. Alijichukia kidogo kwa kuiacha.

Baba aliuliza jambo moja tu alipokuwa akifunga begi. "Na hiyo mashine?"

"Inabaki."

"Ni vizuri," alisema. "Tuko karibu na lile daraja."

Huko Ruiru Kamene alirudi kwenye rekodi zake. Wiki ya pili simu ilianza. Baba hakuuliza kazi ikoje, wala amekula nini. Alisema, "Mwalimu ameishiwa nguvu na jitu liko darajani," na Kamene, akiwa na vidude vya masikioni shingoni, akamweleza: mrudishe nyuma, mkapumzike kwenye magofu, umpe ile dawa ya chupa ya buluu, urudi. "Sawa," baba alisema, akakata. Alipiga tena Jumapili, na tena Jumatano. Kamene alijibu kila mara. Alijibu sawasawa, bila kumdanganya hata mara moja, ingawa ingekuwa rahisi kumpotosha. Kila alipokata alikaa dakika nyingi bila kuandika neno.

Mwezi wa tisa Mwangangi alimtumia video kwenye WhatsApp. Ilikuwa kanisani. Baba amesimama mbele, suti ya kijivu, fimbo ya kutembelea mkono wa kulia. Pasta mpya, kijana, alimshikia maikrofoni.

"Daktari alisema mkono huu umekufa," baba alisema. Sauti yake haikuwa imepungua hata kidogo. "Lakini siku wazee walipokuja nyumbani kwangu, Mzee Makau na Mama Nzisa, wakaomba, siku hiyo nilisikia nguvu imepita hapa." Akauinua mkono wa kushoto. Akafungua vidole na kuvifunga, kimoja kimoja. Kanisa lilipiga kelele. Kina mama walipiga vigelegele, watu wakasimama, na Mzee Makau, mstari wa mbele, alipanguza macho kwa leso.

Chini ya video Mwangangi alikuwa ameandika: Umeona Baba? Mungu ni mwema.

Kamene aliitazama mara mbili. Aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta pia. Mwishowe aliandika "Amina" na kulituma.

Siku iliyofuata baba alipiga saa nane.

"Mwiitu, tumefika mnarani," alisema, amechangamka. "Kuna mapepo matatu na Mwalimu anaanguka mara moja. Nimweke wapi?"

Kamene aliujua mnara ule. Alijua kabisa alipopaswa kumweka: nyuma ya nguzo ya pili, ambapo mapepo hayamwoni, barafu kwanza. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Muulize Mzee Makau," alisema.

Alisikia televisheni huko Ngoingwa, muziki wa vita ukijirudia.

"Kamene," baba alisema. "Usiwe hivyo."

Alikata simu. Aliiweka kifudifudi karibu na laptop, akarudisha vidude masikioni, akabonyeza rekodi iendelee. Mwanamke mmoja wa mbali alikuwa akimweleza daktari mahali panapomuuma. Kamene alirudisha nyuma mara tatu kabla ya kushika sentensi moja.

Baba hakupiga tena Jumatano. Wala Jumapili. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Nelima alituma ujumbe kwamba mzee anakula vizuri, ila siku hizi anakaa tu akitazama lango, na mashine hajaigusa. Kamene aliusoma ujumbe akiwa amesimama kwenye ngazi za ploti alikopanga, mfuko wa mboga mkononi. Alidhani angefurahi. Alingoja furaha hiyo ngazi zote hadi orofa ya tatu, akafungua mlango, akaiosha sukuma wiki, na haikuja.